"Came" au "has come"? Kuchagua wakati wa kitenzi kwenye mtihani wa Kiingereza

Jumamosi moja baada ya twisheni, mwanafunzi wa kidato cha nne aliniletea daftari lake. Swali lilikuwa la kujaza nafasi: "My uncle ____ from Mwanza yesterday". Majibu ya kuchagua manne: A "comes", B "has come", C "came", D "had come". Alikuwa amezungushia B kwa kalamu, na amekandamiza hadi karatasi imeacha alama upande wa pili. Nikamuuliza, "Kwa nini B, mwanangu?" Akanijibu bila kusita, "Mwalimu, si mjomba amekuja jana?"

Jibu lile lilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu Kiswahili chake hakina kasoro. Ndivyo tunavyosema. "Mjomba amekuja jana", "nimemaliza shule mwaka 2019", "wamehama mwezi uliopita". Tunasema hivyo nyumbani na barabarani na hakuna anayeshtuka. Alichofanya ni kuichukua -me- na kuibadilisha kuwa "has", na Kiingereza hakikubali mabadilishano hayo.

Katika madaftari ninayosahihisha, makosa mengi ya nyakati hayatokani na uvivu. Mwanafunzi amekariri majina ya nyakati zote kumi na mbili, anaweza hata kukutajia kanuni ya kila mojawapo, lakini akifika kwenye nafasi iliyo wazi anaisikia sentensi kwa Kiswahili kwanza, kisha anatafuta Kiingereza kinachofanana nayo. Simlaumu. Sote tuliosoma shule za msingi za Kiswahili tulivuka kuingia sekondari hivyohivyo. Kwa hiyo hapa sitaziorodhesha nyakati kama zilivyo kwenye vitabu. Nitaziweka mbilimbili, zile zinazogombania nafasi moja kwenye karatasi, na kando ya kila jozi nitaweka Kiswahili chake, tuone ni wapi lugha yetu inatuponza na ni wapi inatuokoa. Inatuokoa mara nyingi kuliko tunavyoambiwa.

"Came" na "has come"

Jozi hii ndiyo inayokula alama nyingi, basi nitakaa hapa kidogo.

"Came" ni tukio lililofungwa. Lina siku yake au mwaka wake, na hata kama siku haikutajwa, msemaji anaijua. "Has come" ni tukio lililokwisha, lakini anayeongea macho yake yako sasa: mjomba yupo sebuleni, anakunywa chai. Kwa Kiingereza, ukishataja wakati uliokwisha kabisa, kama "yesterday", "last week", "two days ago", "in 1961", "when I was young", basi "have" na "has" hazina nafasi tena.

Tanganyika became independent in 1961. Hapa "has become" haiwezekani, mwaka umetajwa.
My uncle came yesterday. Jana imetajwa.
My uncle has come. Hatujaambiwa lini, tunachoambiwa ni kwamba yupo.

Kanuni hiyo kila mwanafunzi ameshaisikia, na bado anakosea, kwa sababu kanuni inasema jambo moja na sikio lake linasema jingine. Ndiyo maana napenda kumpa kipimo kinachotoka kwenye sikio lake mwenyewe. Kiswahili cha kukubali kinachanganya, lakini Kiswahili cha kukataa hakichanganyi. Tuna njia mbili za kukanusha jambo lililopita, ya -ku- na ya -ja-, na hata mtoto wa chekechea hazichanganyi. Mama akimuuliza "umekula?", mtoto mwenye njaa anasema "sijala". Hasemi "sikula". Na kesho yake akiulizwa habari za jana mchana, atasema "jana sikula", hatasema "jana sijala".

Basi chukua sentensi ya mtihani, uikanushe kimoyomoyo kwa Kiswahili. "Mjomba hakuja jana", au "mjomba hajaja jana"? Ya pili inakwama mdomoni. Ikikubali -ku-, jibu ni "came". Ikikubali -ja-, jibu ni "has come".

Nilimrudishia kijana swali lake. Akanong'ona, "Mjomba hajaja jana... hapana. Hakuja jana." Akachukua kifutio, akakumbuka kwamba ameandika kwa kalamu, akaikata B kwa mstari mmoja na kuzungushia C.

Jaribu kipimo hicho kwenye maswali mengine. "I ____ my homework, so I can go out and play now." "Sijamaliza kazi, kwa hiyo siwezi kutoka." Ni -ja-, jibu "have finished". "____ you ever ____ a lion?" "Sijawahi kumwona simba." Ni -ja- tena, jibu "Have you ever seen". Hata swali linalowasumbua walimu wenyewe, lile la "this morning", linakaa sawa. Kama asubuhi bado haijaisha, tunasema "hatujamwona asubuhi hii", na Kiingereza ni "we haven't seen him this morning". Ikishafika jioni tunasema "hatukumwona asubuhi", na Kiingereza kinakuwa "we didn't see him this morning". Neno ni lilelile, saa ndiyo imebadilika.

Angalizo kwa wanaopenda filamu za Marekani: Wamarekani husema "Did you eat yet?" na "I just ate", na kwao si kosa. Mitihani yetu hufuata mazoea ya Uingereza. Ukiona "yet", "already" au "just" kwenye karatasi, elekea "have": "Have you eaten yet?", "I have just eaten".

Ndani ya jozi hii kuna mambo mawili madogo ambayo watunga mitihani huyapenda.

La kwanza ni mtu aliye hai na mtu aliyefariki. "Diamond Platnumz has performed in many countries", kwa sababu yupo, na kesho anaweza kupanda jukwaani tena. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, hivyo ni "Bi Kidude performed in many countries". Ukisema "has performed" juu ya marehemu, msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba bado yu hai. Swali la namna hii huwa halina "yesterday" wala "ago" ya kukuongoza, linakutaka umfahamu anayezungumziwa.

La pili ni "has gone" na "has been". "He has gone to Arusha" ni "amekwenda Arusha", hayupo hapa, ukimtafuta mfuate huko. "He has been to Arusha" ni "ameshawahi kufika Arusha", alikwenda akarudi, labda yumo humu chumbani anakusikiliza. Kwa hiyo swali likianza na "Where is your sister?", jibu ni "gone". Likianza na "My sister knows Arusha well", jibu ni "been".

Penye "since" na "for"

Hapa kipimo cha kukanusha hakifanyi kazi, ni heri nikwambie mapema. Sisi tunasema "ninaishi Tanga tangu mwaka 2015". Tunaishi sasa, kwa hiyo tunatumia -na-. Mwanafunzi anaandika "I am living in Tanga since 2015", au "I live in Tanga since 2015", na zote mbili ni makosa. Kiingereza kinahesabu kuanzia 2015 mpaka leo kama kipande kimoja, na kipande kinachoanzia nyuma na kugusa leo hupewa "have": "I have lived in Tanga since 2015", au "I have been living in Tanga since 2015". Ukikuta zote mbili kwenye majibu ya kuchagua, jambo ambalo ni nadra, soma swali upya, huenda kuna kitenzi cha hali kama "know" kinachokataa -ing. "I have known her since 2015" ni sahihi, "I have been knowing her" si sahihi.

"Since" peke yake inatosha kukuongoza. Ukiiona ikiwa na maana ya tangu, kitenzi cha upande mkuu wa sentensi kipe "have" au "has". Kitenzi kinachofuata baada ya "since" ndicho hukaa kwenye wakati uliopita wa kawaida: "I have not seen him since he left school". Kwenye sentensi moja ya hivi kuna nafasi mbili za kukosea.

"For" haina uaminifu huo. Tazama hizi mbili:

She taught at our school for ten years. Alifundisha shuleni kwetu miaka kumi.
She has taught at our school for ten years. Anafundisha shuleni kwetu, huu mwaka wa kumi.

Wa kwanza ameshaondoka, wa pili yupo darasani hivi sasa. "For ten years" ni ileile. Mwanafunzi aliyeambiwa "ukiona for, weka have" atapoteza alama kwenye ya kwanza. Mara nyingi mtunga swali anaacha dokezo mbele, "before she retired" au "and she is still there", na dokezo hilo liko baada ya nafasi ya kujaza. Soma mpaka kwenye nukta kabla ya kugusa kalamu. Nimeona alama nyingi zikipotea kwa watoto wenye akili ambao walichagua jibu wakiwa katikati ya sentensi.

"Has stood" na "is standing"

"Look! The headmaster ____ at the gate." Majibu: "stands", "has stood", "is standing", "stood". Kiswahili cha picha hii kila mtu anakijua: "Tazama! Mwalimu mkuu amesimama getini." Na -me- inamvuta tena mwanafunzi kwenye "has stood". Jibu sahihi ni "is standing".

Ni kwamba -me- yetu ina kazi mbili. Kuna -me- inayosimulia jambo lililofanyika: amevunja kikombe, ameandika barua, amefika. Na kuna -me- inayoeleza mtu yupo katika hali gani sasa hivi: amesimama, amekaa, amelala, amepiga magoti, amevaa, amebeba, amechoka, ameshiba, amekasirika, amepotea. Ya kwanza ndiyo "has". Ya pili Kiingereza huieleza kwa "is".

Kuzitenganisha, jiulize sentensi inajibu swali gani. Ikijibu "amefanya nini?", ni "has": "Amefanya nini?" "Amevunja kikombe." Ni "He has broken a cup". Ikijibu "yukoje?", ni "is": "Yukoje?" "Amelala." Ni "He is sleeping", au "He is asleep". "Amevaa shati jekundu" ni "He is wearing a red shirt". "Amebeba mtoto mgongoni" ni "She is carrying a baby on her back". "Nimechoka" ni "I am tired", "nimeshiba" ni "I am full", "tumepotea" ni "we are lost". Na ile tunayoisema darasani kila siku, "nimeelewa, mwalimu", kwa Kiingereza ni "I understand".

Sehemu hii ningependa kila mwalimu wa kidato cha kwanza aitumie kipindi kizima. Makosa yake hayasikiki kama makosa. "The baby has slept" ni Kiingereza halali, ila kinasema mtoto alishapata usingizi wake, wakati picha iliyo juu ya swali inamwonyesha yuko kitandani amefumba macho.

"Works" na "is working"

Sasa -na-. "Baba anafanya kazi bandarini" inaweza kuwa ndiyo ajira yake, na inaweza kuwa ndicho anachokifanya hivi sasa tunapoongea. Kiingereza hakiruhusu kauli moja ibebe yote mawili. Lakini Kiswahili kina hu-, na hu- ndiyo kipimo. Toa -na-, weka hu-. Maana ikibaki palepale, chagua "works". Maana ikivunjika, chagua "is working".

"Baba hufanya kazi bandarini." Imebaki. "My father works at the port."
"Nyamazeni, mtoto hulala." Imevunjika, hatukusudii mazoea yake. "Be quiet, the baby is sleeping."
"Jua huchomoza mashariki." Imebaki. "The sun rises in the east."

Kinachokiuka kipimo hiki ni vitenzi vya akilini na vya kumiliki: "know", "believe", "understand", "want", "need", "like", "belong", "own". Hata kama jambo ni la sasa hivi, hivi havipokei -ing kwenye mtihani. "Ninajua jibu" ni "I know the answer". "Have" ina nyuso mbili: "I have two brothers" kwa kuwa nao, "we are having lunch" kwa sababu hapo "have" ina maana ya kula. Na "taste" vilevile. "Mama anaonja mchuzi" ni "Mother is tasting the soup", kwa kuwa kijiko kipo mdomoni. "Mchuzi ni mtamu" ni "The soup tastes good". Kiswahili kimetumia maneno mawili tofauti, Kiingereza kimetumia moja na kubadilisha umbo lake.

Ukishachagua "works", usiisahau ile -s. Jibu la "My father work" huwekwa pale kwa ajili ya mwenye haraka.

"Left" na "had left"

Hapa pumua, lugha yetu imekuwekea kila kitu tayari.

Tulipofika stendi, basi liliondoka. "When we reached the bus stand, the bus left." Tulifika, ndipo likaondoka, pengine lilikuwa linatusubiri.
Tulipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka. "When we reached the bus stand, the bus had left." Tulikuta vumbi.

Umbo "lilikuwa lime-" ni "had", na "atakuwa ame-" ni "will have": "By 2030 she will have finished her studies", kufikia 2030 atakuwa amemaliza masomo. Tahadhari yangu ni moja tu, vile vitenzi vya hali tulivyovitaja juu. "Alikuwa amelala" ni "he was sleeping", "alikuwa amevaa koti" ni "he was wearing a coat". Kipimo cha "yukoje" unakwenda nacho hata huku, kikigeuka kuwa "alikuwaje".

Kwenye hadithi ndefu, ile -ka- yetu haihitaji "had". "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani" ni "I went to the market, bought some fish and went home". Matukio yakipangwa kama yalivyotokea, yote ni wakati uliopita wa kawaida. "Had" inaitwa pale tu unaporudi nyuma kutaja lililotangulia. Kwenye sentensi zenye "after" na "before" mpangilio uko wazi, na Kiingereza hukubali hata bila "had", lakini kama "had" ipo kwenye majibu kwa lile tukio lililotangulia, na majibu mengine ni ya wakati uliopo, ichague bila wasiwasi.

Sentensi za kuandika upya zinazoanza na "No sooner" na "Hardly" zishike kama zilivyo: "No sooner had the teacher entered than the students stood up." "Hardly had the teacher entered when the students stood up." "No sooner" huenda na "than", "hardly" huenda na "when".

Penye "when" na "if"

"Mgeni atakapofika, nitakupigia simu." Kiswahili kimeweka wakati ujao pande zote mbili, na mwanafunzi anaandika "When the visitor will arrive, I will call you". Kiingereza huweka "will" upande mmoja, ule mkuu: "When the visitor arrives, I will call you." Ni hivyo pia kwa "until", "before", "as soon as" na "if".

Lakini kuna "when" nyingine. "I don't know when he will come" ni sahihi kabisa. Utazitofautishaje? Zirudishe kwa Kiswahili. Ikirudi kama -po-, "atakapokuja", usiweke "will". Ikirudi kama "lini", "sijui atakuja lini", weka "will". Sijawahi kuona kipimo kilicho rahisi kuliko hiki, na mwenye Kiswahili amezaliwa nacho.

Kwa "if" ya kawaida hatuteseki sana, kwa sababu -ki- haina alama ya wakati ujao: "mvua ikinyesha, hatutacheza", "if it rains, we will not play". Mateso yanaanza kwenye -nge-. "Ningekuwa na pesa, ningenunua shamba" ina -nge- mara mbili, na mtoto anaandika "would" mara mbili. Kiingereza kinataka "If I had money, I would buy a farm". Ile "had" haielezi jana, inaeleza kwamba pesa hakuna.

Kwa jambo ambalo limeshapita na haliwezi kurekebishwa, ni "If I had known, I would not have come". Vitabu vya sarufi vinatenga -nge- kwa jambo ambalo bado lingewezekana na -ngali- kwa lililokwisha, "ningalijua nisingalikuja". Mitaani wengi tunatumia -nge- kwa yote, kwa hiyo hapa sikio haliwezi kukutofautishia. Tazama nusu ya pili ya sentensi ambayo mtunga swali amekupa. Ukiona "would buy", nusu ya kwanza ni "had" au "bought". Ukiona "would have bought", nusu ya kwanza ni "had had", "had known", "had come". Kwenye jozi hii ni bora ufuate umbo kuliko maana.

"He said he is" na "he said he was"

"Juma alisema anaumwa." Kwetu -na- inabaki kwa sababu wakati ule aliposema, alikuwa anaumwa. Kiingereza kinavuta kitenzi kurudi nyuma hatua moja: "Juma said that he was ill." "Alisema atakuja" inakuwa "he said that he would come". "Alisema amemaliza" inakuwa "he said that he had finished".

Ugumu unakuja ukisikia "Juma alisema alikuwa anaumwa". Huyo alikuwa ameshapona aliposema. Kiingereza chake ni "Juma said that he had been ill". Yaani "was" ya Kiingereza ndiyo "anaumwa" ya Kiswahili, na "alikuwa anaumwa" yetu imesogezwa mpaka "had been". Mwanafunzi akilielewa hili mara moja, halimtoki.

Jambo lisilobadilika hubaki kwenye wakati uliopo: "Our teacher told us that the sun rises in the east." Swali hili hurudi mara kwa mara, kwa jua, kwa maji yanayochemka, kwa dunia kuzunguka.

Kifungu kizima

Maswali ya sentensi mojamoja ni nusu ya safari. Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina kifungu chenye nafasi kumi za kujaza, alama kumi, bila majibu ya kuchagua. Hata huku Tanzania mwalimu anaweza kukuwekea aya na kukutaka uweke vitenzi kwenye wakati wake. Hii hapa ndiyo niliyompa yule kijana Jumamosi iliyofuata. Vitenzi, kwa mpangilio, ni "live", "move", "finish", "work", "walk", "visit", "show".

Neema ____ in Tanga since 2018. She ____ there after she ____ Form Four in Korogwe. These days she ____ in a tailoring shop, and every evening she ____ home along the beach. When her brother ____ her next month, she ____ him the harbour.

Aliisoma yote kwanza, kidole kikitembea chini ya mistari. Ya kwanza akaandika "has lived", akapigia mstari "since". Ya pili "moved". Ya tatu akasita, akasema, "Alihamia huko baada ya kumaliza. Kumaliza kulitangulia," akaandika "had finished". "Finished" nayo ningemwekea vema, "after" imeshaeleza kila kitu. Ya nne alijaribu hu-: "Siku hizi hufanya kazi..." Akanitazama. Nikamwambia "these days" ni kipindi tulichomo sasa, huko nyuma hakikuwepo na mbele huenda kisiwepo. Akaandika "is working". Nilimwambia pia kwamba "works" isingekuwa kosa hapo, na ndiyo maana kwenye mtihani wa kuchagua huwezi kupewa zote mbili kwa sentensi kama hii. Ya tano, "every evening", hu- ilikubali palepale: "walks", na -s yake.

Ya sita akaandika "will visit". Hakusema kitu kwa muda. Kisha nikamsikia akinong'ona, "Atakapomtembelea... ni -po-, si lini." Akaifuta "will", akaongeza -s. Safari hii alikuwa amekuja na penseli.